Kiingereza cha Kujishusha

Watu wakiniuliza nilifanya kazi gani Durban miaka ile, nawaambia niliuza vifuniko na chaja za simu Isipingo, karibu na stendi ya teksi, yaani daladala za huko. Ni kweli, na wengi huishia hapo. Siwaambii kwamba kila Jumapili mchana nilikuwa na kazi nyingine isiyo na mshahara, ya kumfundisha Muirani maneno magumu ya Kiingereza, mimi ambaye Kiingereza chenyewe nilikuwa nakiokota barabarani. Nimewahi kuwasimulia wawili watatu, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Tangu hapo nikaona bora ninyamaze.

Tulikutana kwa mama mmoja wa Bukavu aliyekodi fleti nzima, akaigawa kwa mapazia na kutupangisha vipande. Mimi nilitoka Uvira, ambako nilikuwa mwalimu wa jiografia, na kwa sababu nilitangulia kufika nilipata kipande chenye dirisha. Mwaka 2009 kipande cha pili kikachukuliwa na mwanamume mrefu mwenye mvi za mapema, aliyevaa viatu vilivyong'arishwa hata akienda chooni. Kwao alikuwa mfamasia, na duka la dawa lilikuwa lake mwenyewe. Kwa nini aliliacha, hakutuambia, nasi hatukumuuliza. Katika nyumba ile hakuna aliyemuuliza mwenzake swali hilo. Mama alimwita Dokta tangu siku ya kwanza, na jina likamganda.

Wiki ya kwanza alikaribia kufa kwa njaa, na chakula kipo. Kwetu sisi, anayekuta watu wanakula hukaribishwa. Akisema ameshiba, basi, mtu mzima halazimishwi. Mama alikuwa akimwita kila jioni, "Dokta, kuya tukule, chakula iko mingi," naye alishika kifua, akainama kidogo, akasema ahsante ameshakula. Hakuwa amekula kitu. Alisubiri aitwe tena, na hakuna aliyemwita tena, kwa sababu tulimwamini. Siku Mama alipomkuta jikoni anakunywa chai kavu na kutetemeka, alimshika mkono kama mtoto akamkalisha mbele ya sahani.

Kiswahili chake kilipokomaa ndipo alipotueleza. Kwao mtu mwenye adabu hukataa kwanza. Mwenyeji husisitiza, mgeni hukataa tena. Mwenyeji huapa kwamba chakula hakitapita kooni mgeni asipokula, ndipo mgeni husogea, kwa shingo upande, ingawa tumbo linamlia. Na si chakula peke yake. Mtu akisifiwa hukana, akipewa nafasi ya mbele humwachia mwingine, hata mwenye duka akiulizwa bei hujibu kwanza kwamba kitu chenyewe hakina thamani mbele yako, chukua. Mteja naye hujua wajibu wake, humbembeleza mpaka bei itajwe. Nikamwambia huko ni kuchosheana. Mama akasema yeye kwa adabu ya namna hiyo asingefika hata mpakani.

Nilisema Kiswahili chake kilikomaa, na kilikomaa upesi hadi nikamwonea wivu. Nusu ya maneno aliyakuta tayari kwao. Dunia, wakati, habari, hatari, sabuni, bustani. Tulipofika kwenye dawa na marhamu ya kupaka alicheka kwa sauti, kitu alichokifanya kwa nadra, akasema basi hata huku duka lake lingekuwa na kibao kilekile. Alikuwa akifunga sabuni kwenye makatoni kiwandani Jacobs wakati huo, na alipenda kusema kwamba neno moja la kazi yake mpya alilijua tangu utotoni.

Kiingereza hakikumfanyia ukarimu huo. Alijua majina ya dawa na vipimo vyake, na Kiingereza cha kununua mkate. Kati ya hivyo viwili palikuwa na jangwa. Na jangwa hilo ndilo alilotakiwa kulivuka.

Jumamosi tulikuwa tukienda Sydenham, kwenye ukumbi wa kanisa, ambako mwalimu mstaafu, mama wa Kihindi mwenye subira isiyo ya kawaida, alifundisha wageni bila malipo. Ndiye aliyetuambia kuhusu watu fulani wa hisani ambao kila mwaka walichagua mgeni mmoja mwenye taaluma ya afya. Wangemdhamini kwa mitihani ya kusajiliwa upya, wangemtafutia hospitali ya kujifunzia, mpaka avae tena koti jeupe. Sharti lao lilikuwa mahojiano, na mtu aliitwa mara moja tu. Mwalimu alituonya kwamba hawakutaka Kiingereza cha sokoni. Walitaka Kiingereza cha watu waliosoma.

Dokta alitoka pale amenyooka kama kijana. Kwao alikuwa ameacha mke, na alikuwa amemwahidi kwamba siku atakapopata kazi yake, kazi yake hasa, ndiyo siku atakayomwita. Hakutaka mkewe aje amkute mfunga sabuni. Kwa hiyo mahojiano yale yalibeba kila kitu, na kila mtu katika fleti alilijua hilo, hata wale ambao hawakuwahi kumsemesha.

Sasa, maneno magumu ya Kiingereza yana siri moja ambayo Waingereza wenyewe hawaitangazi: mengi ni Kifaransa kilichovaa koti. Mimi niliyekuwa sijui kuagiza soseji kwa Kiingereza nilifungua kurasa za nyuma za kitabu cha mwalimu, kule kwenye maneno ya juu, nikajikuta nyumbani. *Meticulous*, *negligible*, *mediocre*, *inadequate*, yote niliyajua tangu shule ya Uvira. Dokta aliyakeshea kwa wiki nzima na asubuhi yalikuwa yamemtoka. Nilikasirika kwa niaba yake. Mtu aliyesoma miaka yote ile, na mimi nisiyehitaji maneno hayo kwa lolote ndiye niliyepewa bure.

Basi nikawa daraja. Tulikaa jikoni Jumapili mchana, Mama akichambua pondu, majani ya muhogo, pembeni. Mimi nilichukua neno la Kiingereza, nikalipitisha kwenye Kifaransa kichwani mwangu, nikalieleza kwa Kiswahili, naye akaliandika kwa Kiajemi, kutoka kulia kwenda kushoto, kwenye vipande vya makatoni alivyotoka navyo kiwandani. Jikoni kote kulinukia sabuni ya kufulia. Neno moja lilipita lugha nne kabla halijapata pa kulala, na mara nyingine lilichoka likafia njiani, tukalianza upya.

Nililiona tatizo mapema, ila nililiona kama mzaha. Nilimpa *meticulous*, nikamweleza ni mtu anayepima kila kitu mara mbili, nikamtaka alitungie sentensi. Akasema profesa wake alikuwa *meticulous*. Na yeye je? Yeye, akasema, alikuwa mwanafunzi mzembe wa profesa huyo. Nikamwambia haiwezekani, mtu anayepiga pasi soksi. Akainamisha kichwa, amefurahi, na sentensi ya kumhusu yeye mwenyewe hakuitunga.

Maneno aliyoyapenda kweli yalikuwa yale ya upande wa chini. Alinijia siku moja na swali lililoandaliwa: Mwingereza msomi hujishusha kwa maneno gani? Kwao, alisema, hapo ndipo msomi anapojulikana. Mtu wa kawaida husema mimi, mimi. Mtu aliyelelewa vizuri husema mtumishi wako, husema mimi ni vumbi la miguu yako, na kadiri alivyosoma ndivyo maneno yake ya kujishusha yanavyokuwa mazuri zaidi. Alikuwa na hakika Kiingereza cha juu nacho kina ghala la maneno ya namna hiyo, sisi tu hatujafunguliwa mlango. Nikampa niliyokuwa nayo. Aliyapokea kwa mikono miwili, na hayo hakuyasahau hata moja.

Nilimfundisha methali yetu, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilidhani nampa burudani, kumbe nampa silaha. Kila nilipomwambia ajisifu kidogo alinijibu kwayo, kwa lafudhi nzuri kabisa. Nikamwambia Durban kizuri kisipojitembeza kinaoza kwenye beseni.

Siku moja ya mapumziko yake alikuja kuniona dukani, nikamwachia duka nikatafute chenji. Bibi mmoja wa Kizulu aliingia, akachagua chaja, akauliza ni ngapi. Dokta alishika kifua akamwambia si kitu, mama, haina thamani mbele yako. Bibi akamtazama, akamshukuru kwa Kizulu, akamwombea baraka, akatoka na chaja. Niliporudi nilimkuta Dokta amesimama vilevile, anautazama mlango.

Nilicheka, kisha sikucheka. Tukiwa tunafunga duka nilimwambia taratibu, kama nilivyokuwa nikiongea na wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza, kwamba katika nchi hii ukisema ni bure, ni bure. Ukisema hujui, hujui. Hakuna atakayerudi kukubembeleza. Aliitikia kwa kichwa. Kisha akasema yule alikuwa bibi wa watu, wa sokoni, asingeweza kujua. Watu waliosoma wangejua. Watu wa Kiingereza cha juu hawawezi kuwa na maneno yote yale na wasiwe na adabu yake. Sikio la kufa halisikii dawa, nilimwambia, naye akaandika methali hiyo pia.

Barua ya kuitwa ilikuja mwaka 2012. Tulifanya mazoezi jikoni, mimi nikiwa mwenyekiti, na Mama, ambaye hakujua Kiingereza, akiwa wajumbe wote waliobaki. Nikamuuliza kwa Kiingereza, kwa nini tukuchague wewe. Akajibu kwamba labda hawapaswi. Nilipiga meza kwa kiganja mpaka pondu ikaruka. Akaniambia kwa upole kwamba nimekosea mimi, kwamba hapo mwenyekiti alitakiwa aseme hapana, tafadhali, usiseme hivyo. Tulirudia mpaka alipokubali kukariri jibu la moja kwa moja: mimi ni mfamasia, nimeendesha duka la dawa kwa miaka mingi, kazi yangu naijua. Alilisema kama mtu anayemeza kitu kichungu, lakini alilisema, na usiku ule nililala vizuri.

Siku ya mahojiano hakurudi nyumbani. Alikuja moja kwa moja Isipingo na teksi, ndani ya suti ya mpangaji mwenzetu, mkononi ana karatasi ya jalebi tamu za Kihindi alizonunua njiani. Uso wake uling'aa. Alisema mezani walikuwa watu watatu, wote wenye umri, wenye mvi, mmoja wao profesa kabisa. Walisimama alipoingia. Walimpa chai. Kwa dakika chache, alisema, alijisikia yuko kwao.

"Wakakuuliza kwa nini wakuchague?"

"Waliniuliza."

"Ukasema lile jibu letu."

Akatikisa kichwa. Mbele ya watu kama wale, alisema, jibu lile lingekuwa kama kuingia na viatu msikitini. Akanieleza alivyojibu, kwa Kiingereza, polepole, akifurahia kila neno. Aliwaambia kwamba *my abilities are negligible*, yaani uwezo wake ni mdogo hata hauhesabiki. Kwamba uzoefu wake ni *mediocre*, hafifu, mbele ya watu kama wao. Kwamba elimu yake ni *inadequate*, haitoshi, na bila shaka wapo wengine wanaostahili nafasi ile kuliko yeye. Hakukosea neno. Matamshi yalikuwa safi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kabati la vioo, nikakaa juu ya boksi.

"Nao wakasema nini?"

"Waliandika. Wote watatu waliandika sana."

"Hakuna aliyekukatalia? Hakuna aliyesema hapana, usiseme hivyo?"

"Mmoja wao, mama, alinishukuru kwa ukweli wangu. Unajua hawa watu wana haya, mwalimu. Watasema kwenye simu."

Akanisogezea jalebi. Nilikula moja, nikainuka kumhudumia mteja aliyekuwa ameingia.

Simu walimpigia mwalimu wetu wa Sydenham, naye akatuita pembeni Jumamosi iliyofuata. Alikuwa na huzuni, na hakujua afiche nini aseme nini. Walikuwa wamesema kwamba kati ya wote waliohojiwa, msamiati wake ndio uliokuwa wa juu kuliko wote, hawakuwahi kumsikia mgeni mwenye maneno kama yale. Waliupenda ukweli wake. Lakini yeye mwenyewe aliwaambia kwamba hajawa tayari, nao waliheshimu hilo, na nafasi wamempa mwingine.

Mimi ndiye niliyepaza sauti. Nilimweleza mwalimu yote, mambo ya chakula, ya bibi na chaja, ya vumbi la miguu. Alielewa upesi, nadhani kwao pia kulikuwa na kitu kinachofanana na hicho, akapiga simu palepale ukumbini. Tulimsikia akieleza, kisha akisikiliza. Mwenyekiti alimjibu kwa upole kwamba aliyechaguliwa ameshaarifiwa. Na hata kama asingearifiwa, hawawezi kuipelekea hospitali mtu ambaye mwenyewe amesema hawezi. Dawa ni maisha ya watu. Ubaya wa jibu hilo ni kwamba lilikuwa sahihi, na ningekuwa mimi kwenye kiti kile ningejibu hivyohivyo. Hasira yangu ikakosa pa kwenda. Mpaka leo naiona bado haijapata.

Tuliteremka kwa miguu mpaka kituoni. Ndani ya teksi ndipo aliponiambia, akitazama nje. Kwao, alisema, ile ni kazi ya watu wawili. Mmoja hujilaza chini, mwenzake humwinua. Hakuna anayejilaza kwa ajili ya kulala pale.

"Nililala chini, mwalimu," akasema. "Wakaniruka."

Nilitaka kumwambia kwamba atajaribu tena. Lakini mtu aliitwa mara moja tu, tuliambiwa tangu mwanzo, na mwaka uliofuata wale watu wa hisani waliacha kabisa mpango wao kwa kukosa wafadhili. Maji yakimwagika hayazoleki. Mengine yote niliyomwambia yalikuwa ya kujaza kimya.

Aliacha kuja na vipande vya makatoni. Hakuyatupa yaliyokuwepo, Mama ndiye aliyeanza kuyaweka chini ya mguu wa meza, moja moja, na yeye akamwachia. Jumapili alilala mchana kutwa. Alihamishiwa zamu ya mchana kule Jacobs, akapewa mashine ya kufunga, akawa mzuri kwenye mashine hiyo. Na mkewe walizungumza kila Ijumaa kupitia simu niliyomtengenezea mwenyewe, na kwa sababu mapazia hayazuii sauti nilisikia jinsi mazungumzo yalivyozidi kuwa mafupi. Kiajemi sikijui, ila neno lao la koti, lile jeupe, nilikuwa nimelishika, na likaacha kutajwa.

Kilichonitisha zaidi kilikuwa kingine. Zamani mtoto wa nyumba ile akipata homa, Mama alibisha kwenye mbao ya kitanda cha Dokta, naye alitoka kama askari aliyeitwa. Aliuliza mtoto ana kilo ngapi, alisoma chupa ya dawa mbele na nyuma, alimkataza Mama kutumia kijiko cha chai. Hapo hakuwa na unyenyekevu wowote, alikuwa mkali. Majira ya baridi ya 2013 mtoto wa pazia la nne alichemka usiku kucha, na asubuhi Mama akaenda na chupa mkononi. Dokta aliitazama chupa bila kuipokea. Akasema mpelekeni kliniki, wao ndio wanaojua.

Mama alidhani anadeka. Alimbembeleza, akamwambia wewe Dokta wetu, nani iko anajua kukupita. Alimwambia yale yote ambayo wale watatu mezani hawakumwambia. Hayakumfikia. Alifunga kamba za viatu akaenda kazini, na mtoto akabebwa mgongoni kwenda kliniki kupanga foleni.

Mwaka 2014 vibali vyetu vya ukaazi viliisha muda katika mwezi uleule, tukaenda pamoja kuvihuisha. Tulipanga foleni tangu alfajiri, na alikuwa mchangamfu kuliko kawaida, akawachekesha akina mama wa Goma waliokuwa mbele yetu kwa Kiswahili chao wenyewe. Dirishani tuliitwa kwa kufuatana. Karani alikuwa msichana mpole, wala hakuwa na haraka. Alimuuliza jina, tarehe, anwani, kisha akamuuliza kazi.

"*Packer*," akasema. Mfungaji.

Nilikuwa nyuma yake kwa hatua moja. Niliegemea dirisha nikasema kwa Kiingereza kwamba huyu bwana ni mfamasia. Karani akainua uso, akaondoa mikono kwenye kompyuta. Akamuuliza Dokta kama ni kweli, na akasubiri. Alisubiri vizuri kabisa, kwa macho ya mtu ambaye angeandika chochote atakachoambiwa.

"Rafiki yangu anapenda utani," Dokta akamwambia.

Karani akatabasamu, akaandika. Miaka mitano nilikuwa nimeishi na adabu ya mtu yule. Niliijua sauti yake akijishusha, jinsi ilivyokuwa laini mwishoni, jinsi ilivyoacha mlango wazi kidogo. Nilitega sikio niisikie. Haikuwepo. Alikuwa ameulizwa kazi yake, akajibu.